Kaka amekataliwa, dada amekubaliwa: kisa cha watoaji wawili wa ini

Kisa hiki ni cha kufundishia. Watu wake nimewatunga. Maumbile ya maini yao sikuyatunga, kwa sababu kila mshipa nitakaoutaja hapa huonekana katika vitengo vya upandikizaji, tena si kwa nadra. Nimekiweka mahali ambapo Watanzania na Wakenya wengi hukutana nacho kweli: hospitali kubwa ya India, familia imekodi chumba mtaa wa pili kutoka getini, barua ya ubalozi imo kwenye bahasha ya kaki, na mgonjwa amechoka kuliko anavyokubali kusema.

Mgonjwa ni mama wa miaka 51, kilo 64. Homa ya ini aina ya B aliishi nayo miaka mingi bila kujua, na ilipojulikana ini lilikuwa limeshasinyaa na kujaa makovu. Ametapika damu mara mbili. Maji ya tumboni yanatolewa kwa sindano kila baada ya wiki mbili. Muhimbili ilianza kupandikiza figo Novemba 2017, lakini kwa ini wengi wetu bado tunapanda ndege. India nako sheria yake ya 1994 haimruhusu mgeni kuja na mtu yeyote tu: undugu uthibitishwe kwa karatasi, na kamati ya idhini imhoji mtoaji kujua kama anatoa kwa hiari.

Watoto wake wawili wamejitolea kutoa sehemu ya ini. Kaka ana miaka 29, dada 25. Wote ni kundi O kama mama yao, maini yao hayana mafuta, na wote hawana kirusi cha B, jambo ambalo kwa watoto waliozaliwa na mama mwenye kirusi hicho si la kulichukulia juujuu. Kwa karatasi za maabara huwezi kuwatofautisha.

Familia ilikuwa imeshaamua kabla ya ndege kuruka. Atatoa kaka. Baba mdogo, aliyesafiri nao kama msimamizi, alilisema mbele ya mratibu wa watoaji bila kupepesa: “Binti hata hajaolewa. Ukimchora tumbo hivyo, nani atakuja kumposa?” Dada alikuwa amekaa pembeni yake. Hakujibu, ila kesho yake asubuhi alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya CT, mashine ya picha za ndani ya mwili.

Picha ya kaka ndiyo iliyopendwa kwanza. Ini lake zima lina ujazo wa mililita 1,380. Upande wa kulia 910, wa kushoto 470. Kanuni zinazotumika karibu kila mahali ni mbili: mtoaji abaki na ini lisilopungua asilimia 30 hadi 35 ya lake la asili, na mpokeaji apate kipande chenye uzito usiopungua asilimia 0.8 ya uzito wa mwili wake. Kaka angebaki na asilimia 34, na mama angepata kipande cha asilimia 1.4 ya uzito wake, maana mililita moja ya ini huhesabiwa kama gramu moja. Mtu akiishia kwenye hesabu hiyo, kazi imekwisha.

Lakini ini haligawanywi kwa ujazo. Chukua nyumba ya urithi ambayo ndugu wawili wanataka kuigawa. Ukuta wa katikati utaujenga siku moja. Shida ni bomba la maji lililo moja, shimo la choo lililo moja, na waya wa umeme ulioingilia chumba cha mmoja ukaenda kuwasha taa ya mwingine. Kila nusu ya ini inadai vitu vinne ili iishi: vena ya lango inayoleta damu kutoka utumbo na wengu, ateri inayoleta damu yenye oksijeni, vena za kutolea damu kwenda moyoni, na mrija wa kutolea nyongo. Mpaka wenyewe hauonekani kwa nje. James Cantlie, daktari Mskoti aliyefanya kazi Hong Kong, alionyesha mwaka 1897 kwamba mpaka wa kweli wa kulia na kushoto unapita kwenye mstari kutoka kifuko cha nyongo hadi vena kuu ya chini, mbali na ule mkunjo ambao jicho linaukimbilia. Mfaransa Claude Couinaud akaja 1957 na ramani ya kanda nane, kila moja na mishipa yake. Ramani hiyo ndiyo tunayoitumia hadi leo, na ni nzuri. Tatizo lake ni kwamba inachora mtu wa vitabuni.

Mtu wa vitabuni si wengi kama mwanafunzi wa udaktari anavyodhani. Michels alichunguza maiti 200 na katika ripoti yake ya 1966 ateri za ini zilizofuata kitabu zilikuwa asilimia 55 tu. Hiatt na wenzake, 1994, walipitia watoaji 1,000 wakapata karibu robo tatu. Mirija ya nyongo nayo: kundi la Taiwan lililoongozwa na Huang lilichapisha mwaka 1996 mgawanyo ambao vituo vingi bado vinautumia, na humo mirija ya kawaida ni takriban 6 kati ya 10. Ukizidisha uwezekano huo wa ateri, vena na mirija, mtu ambaye kila kitu chake kimekaa kama mchoro anaanza kuwa adimu.

Kwa kaka, vena ya lango haikugawanyika mara mbili kama ilivyotarajiwa, kulia na kushoto. Ilitoa kwanza tawi la sehemu ya nyuma ya kulia, kisha shina likaendelea kuelekea kushoto, na huko kushoto ndiko tawi la sehemu ya mbele ya kulia lilikochipukia. Yaani nusu ya damu ya upande wa kulia ilipitia kwanza kwa jirani. Vena ya lango ikiwa hivi, mtu wa radiolojia mwenye uzoefu huagiza MRI (picha ya sumaku) ya mirija ya nyongo huku tayari ana wasiwasi, kwa sababu tofauti hizi mbili hupenda kutembea pamoja. Ndivyo ilivyokuwa. Mrija wa sehemu ya nyuma ya kulia haukuungana na mwenzake wa mbele. Ulivuka mpaka, ukamwaga nyongo yake kwenye mrija wa kushoto.

Hapa ndipo kikao cha madaktari cha Jumatano kilipogawanyika, na nadhani ndipo kisa chote kilipo.

Daktari mmoja wa upasuaji, mwenye mikono mizuri kwelikweli, alisema: tunachukua. Tutapata midomo miwili ya vena ya lango na midomo miwili ya nyongo, yaani matundu mawilimawili pale tulipokata, tutaiunganisha. Hakukosea kwamba inawezekana. Katika vituo vyenye uzoefu mkubwa, hasa vya Asia, midomo miwili ya vena ya lango huunganishwa kwa kipande chenye umbo la Y kinachokatwa kwenye vena ya mpokeaji mwenyewe, ile ya ini bovu linalotolewa. Mirija miwili nayo huunganishwa mmoja mmoja, au hushonewa kwenye kitanzi cha utumbo.

Lakini sikiliza jibu hilo linamhusu nani. Linamhusu mama. Swali la kaka ni jingine: baada ya kukata lile tawi la mbele pale linapotokea, kisiki chake kitafungwa juu ya vena ya kushoto, na vena hiyo ndiyo pekee itakayolisha asilimia 34 aliyobaki nayo. Ukifunga kwa kubana, umeibana. Ukiogopa kubana ukaacha kisiki kirefu, damu inaweza kuganda humo. Na mrija ni vivyo hivyo: kuukata mrija wa nyuma pale unapoingia kwenye mrija wa kushoto ni kuacha mshono kwenye njia pekee ya nyongo ya mtu aliyekuja hospitali akiwa mzima. Mrija wa nyongo hausamehe. Ni mwembamba, damu yake ni kidogo, na kovu lake hubana taratibu. Mtu anaanza kuwa na macho ya njano miezi baadaye, akiwa ameshasahau.

Mwingine akauliza: na tukichukua upande wake wa kushoto? Swali zuri, kwa sababu maumbile yanayoharibu mpango wa kulia mara nyingi hayaugusi mpango wa kushoto. Ungekata kushoto zaidi ya pale tawi la mbele na mrija wa nyuma vinapojishika, ukaviacha vyote viwili kwa mwenyewe. Kitu cha namna hiyo kiliwahi kutokea kwa kinyume chake huko Kyoto: taarifa yao ya 1994 inaeleza mtoto aliyepewa upande wa kulia kwa sababu ateri za upande wa kushoto wa mtoaji hazikufaa, wakati ambapo watoto walizoea kupewa kushoto. Umbile la mtu mmoja likafungua njia ambayo baadaye ilitumika kwa watu wazima. Kwa kaka, hata hivyo, mililita 470 kwa mama wa kilo 64 ni asilimia 0.73. Na mama huyu ana shinikizo kubwa kwenye vena ya lango, wengu umevimba. Damu yote hiyo ikielekezwa kwenye kipande kidogo ni kama mto wa masika kuingizwa kwenye mfereji wa bustani: kipande kinavimba, nyongo haitoki, maji ya tumbo yanarudi. Vipo vituo vinavyoshuka hadi 0.6 kwa kupunguza shinikizo hilo kwanza. Kwa mgonjwa huyu, huku dada akiwa bado hajasomewa picha yake, hakukuwa na haja ya kubahatisha.

Kaka akakataliwa.

Kumwambia kulikuwa kugumu kuliko kumpasua. Ripoti iliandikwa kwa Kiingereza, na mkalimani aliposoma neno la vena zake alilitafsiri “kasoro”. Baba mdogo akalidaka hapohapo. “Kwa hiyo kijana ana kasoro kwenye ini?” Kaka mwenyewe akauliza kama ataishi, kama anaweza kuoa, kama watoto wake watazaliwa hivyo. Mratibu alihitaji nusu saa nzima kurudisha maneno mahali pake: si kasoro, ni umbile, kama mtu kuwa na kiganja chenye mistari tofauti, ini lako linafanya kazi yake yote na litaendelea kufanya mpaka uzee, kinachoshindikana ni kuligawa tu. Mkalimani hakukosea kwa ubaya, neno “kasoro” ndilo lililo karibu na ulimi. Lakini ningekuwa na uwezo ningelipiga marufuku kwenye kliniki ya watoaji.

Siku mbili baadaye ikaja picha ya dada, na juu ya ripoti yake nako imeandikwa kwamba ateri si ya kawaida. Baba mdogo alisimama. “Huyu naye si wa kawaida. Mbona yeye anafaa?”

Katika kisa hiki chote hakuna aliyeuliza swali bora zaidi, madaktari wakiwemo.

Ini la dada ni mililita 1,120. Kulia 705, kushoto 415. Angebaki na asilimia 37, na mama angepata asilimia 1.1. Vena yake ya lango inagawanyika kama ya kitabuni. Ateri ya upande wa kulia ndiyo yenye habari: haitokani na ateri ya ini kama tunavyotarajia, inatoka chini, kwenye ateri kuu ya utumbo, inapanda nyuma ya kichwa cha kongosho na nyuma ya vena ya lango hadi iingie ini la kulia. Kwa Hiatt hali hii ilikuwa kwa takriban mtu 1 kati ya 10. Kwa mpasuaji asiyejua, akiwa anatoa kongosho au anafukuzana na damu, ateri hii ni mtego. Kwa mtoaji wa upande wa kulia ni zawadi. Inalisha kulia peke yake, haichangii na kushoto, kwa hiyo ukiikata hujagusa hata uzi wa upande unaobaki. Tena ni ndefu, na mara nyingi ni nene kidogo kuliko tawi la kulia la kawaida, hivyo anayeunganisha kwa mama chini ya miwani ya kukuza ana kitu cha kushika. Umbile moja lisilo la kawaida lilimkataza kaka, lingine lisilo la kawaida likamrahisishia dada. Neno ni lilelile kwenye ripoti zote mbili.

Vena za kutolea damu zilihitaji mpango. Vena ya katikati ingebaki kwa dada, maana ndiyo inayokausha sehemu kubwa ya kushoto kwake. Hiyo ingeviacha vitawi vyake viwili vinavyotoa damu upande wa kulia, vya milimita 6 na 7, bila pa kumwagia. Chini ya milimita 5 wengi wetu tungeviacha, hivi hapana. Vingeunganishwa kwa bomba la kutengenezwa hadi vena kuu ya mama. Na vena ya ziada ya chini, milimita 8, ingeshonwa moja kwa moja. Kazi ya meza ya barafu, ambako kipande kilichotolewa huandaliwa, saa nzima na zaidi, lakini yote inaangukia upande wa mama.

Mirija ya nyongo kwenye MRI ilisomeka kawaida. Mrija wa kulia mmoja, wa kushoto mmoja, vinakutana. Tukashusha pumzi.

Dada alihojiwa peke yake, bila baba mdogo, bila mama. Aliambiwa hatari ya kifo ambayo vituo vingi humtajia mtoaji wa upande wa kulia, kati ya 1 katika 500 na 1 katika 200. Aliambiwa anaweza kusema hapana mpaka dakika ya kuingia thieta, na kwamba familia itaambiwa tu “hafai kiafya”, bila maelezo. Kuhusu kovu alisema jambo moja: “Atakayenikataa kwa kovu nililompa mama, namshukuru kwa kunionyesha mapema.”

Siku ya upasuaji, kitu cha kwanza kilichotafutwa baada ya tumbo kufunguliwa ni ile ateri. Unapitisha kidole nyuma ya mrija wa nyongo, upande wa kulia, unasubiri. Ikidunda hapo, ipo. Ilidunda.

Kisha kifuko cha nyongo kikatolewa, na kupitia kisiki cha mrija wake ikaingizwa katheta nyembamba ya kupulizia dawa inayong'aa kwenye eksirei. Klipu ndogo ya chuma iliwekwa mahali ambapo mpasuaji alidhani atakata. Picha ya kwanza ikatoka, thieta nzima ikanyamaza. Mrija wa kulia ulikuwa mmoja kweli kama MRI ilivyosema, ila urefu wake haukufika milimita 4 kabla ya kujigawa mbele na nyuma. Kawaida kwa jina. Klipu ilikuwa imekaa kwenye makutano kabisa: ukikata hapo, mama anapata mdomo mmoja safi, mshono mmoja, raha tupu. Na dada anabaki na mshono uliolala kwenye shavu la mrija wake wa kushoto.

Mpasuaji ndiye yuleyule aliyesema “tunachukua” kwa kaka. Aliitazama picha, akaing'oa klipu, akaisogeza milimita 3 kulia. “Picha tena.” Sasa klipu ilikuwa juu ya mgawanyiko wenyewe, maana yake midomo miwili kwa mama. Msaidizi alimkumbusha hilo. Akajibu, “Najua,” akakata. Kisiki cha dada kikafungwa kwa uzi mwembamba wa 6-0, dawa ikapulizwa mara ya tatu, na mrija wa kushoto ukajaa mpaka kwenye vitawi vyake vya mwisho bila kubana popote.

Midomo miwili ya mama ilikuwa imeachana milimita chache, kwa hiyo kwenye meza ya barafu kingo zake zilishonwa pamoja ikawa kama pua yenye tundu mbili, kisha ikaunganishwa na mrija wake kwa mshono mmoja. Ateri haikusumbua. Vena zilichukua muda.

Dada alikuwa na macho ya njano kidogo siku ya pili na ya tatu, yakaisha. Siku ya nane alitoka wodini akitembea ameinama, mkono juu ya tumbo. Kufikia mwezi wa tatu CT ilionyesha ini lake limejaza sehemu kubwa ya pengo lililoachwa. Vipimo vya damu vya kawaida, safari hii kwa maana halisi ya neno hilo.

Mama alianza kujikuna mwezi wa nne. Unganisho la nyongo lilikuwa limebana, sawasawa na hofu ya kila mmoja tangu milimita zile tatu. Mirija kubana au kuvuja kwa mpokeaji ndiyo shida inayojirudia kuliko zote katika upandikizaji wa aina hii, hata pale mdomo ulipokuwa mmoja. Iliingizwa stenti, kijibomba cha kuuacha mrija wazi, kwa endoskopi kupitia mdomoni, na kila baada ya miezi mitatu hurudi kubadilishiwa. Ini lenyewe linafanya kazi. Dawa ya kirusi cha B anameza kila siku.

Anayempeleka ni kaka. Kwenye begi la vyeti vya mama hubeba pia diski ya CT yake mwenyewe, na juu ya jalada lake mtu wa radiolojia ameandika kwa kalamu ya wino mweusi, kwa Kiswahili: “Ukipasuliwa ini au kifuko cha nyongo popote, mwonyeshe daktari hii kwanza. Mrija wa nyuma wa kulia unaingia kushoto.”